Kabla hujapanda madhabahuni na slaidi zako

Bwana asifiwe, wadogo zangu. Jumamosi iliyopita nilikaa kiti cha nyuma nikiwasikiliza mkifanya mazoezi ya semina ya uumbaji, sisi tunaoshika kwamba dunia ni changa, ina miaka elfu chache tu, nusura ninyanyuke mara tatu. Mmoja kaleta picha ya mifupa ya majitu iliyorushwa WhatsApp. Mwingine katuambia eti kompyuta za NASA zimeikuta siku iliyopotea, ile ya Yoshua jua liliposimama. Na yule ninayempenda kama mdogo wangu wa tumbo moja akahubiri vumbi la mwezini kwa sauti ya ushindi. Niliogopa kuwavunja moyo mbele za watu, basi nawaandikia.

1. Kaboni-14, kipimo cha umri wa mabaki ya viumbe, haipimi mawe ya Olduvai. Nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 5,730, kwa hiyo ikizidi sana inafika miaka 50,000 hivi. Tabaka za volkano za pale zilipimwa kwa potasiamu-agoni, njia ya kupima umri wa miamba ya volkano, tangu 1961. Ukimwambia mwanafunzi wa jiolojia "kaboni yao ina makosa," ameshakuzima hapo hapo, hata ukifika Kalvari hakusikii.

2. Vumbi la mwezini. Hapa mnivumilie.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Hoja mnaijua: vumbi linaanguka duniani kutoka angani tani milioni 14 kwa mwaka, basi kama mwezi ungekuwa na mabilioni ya miaka, wanaanga wa 1969 wangezama. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kisha akanyoosha mkono kijana wa mwaka wa kwanza, msomi wa jiolojia, aliyeokoka wiki tatu tu kabla. "Kaka, hizo tani milioni 14 zilipimiwa wapi?" Sikujua. Nikamjibu, "Zilipimwa na wanasayansi wenyewe," nikaita swali lingine.

Zilitoka Hawaii. Hans Pettersson alikusanya vumbi juu ya mlima Mauna Loa, akapima nikeli iliyomo, akachukulia kwamba nikeli yote imetoka angani, na mwaka 1960 akachapisha makadirio. Vipimo vya satelaiti vilivyofuata vilionyesha kiasi kidogo mno kuliko hicho. Na walioliandika hilo kwa kirefu mwaka 1993, wakashauri hoja iachwe, ni Andrew Snelling na David Rush, watetezi wa dunia changa kama sisi.

Yule kijana ndiye aliyeniletea makala yao. Alinisubiri nje, chini ya mwembe, karatasi zimekunjwa mara nne, mistari kaipigia kalamu nyekundu. Akasema taratibu, "Hawa ni ndugu zetu, kaka." Nikazipokea, nikamwahidi nitasoma. Nilisoma usiku ule ule na nikaelewa kila kitu.

Jumapili iliyofuata nilialikwa kanisa lingine, na slaidi ile nikaionyesha tena. Nilijua si kweli. Nilikumbuka makofi, nikajiambia watu wa pale hawatauliza. Nilipoinua macho, kijana alikuwa benchi la tatu. Alikuja kunisikiliza kwa sababu nilimwambia nitasoma. Alitoka kabla ya maombi ya mwisho na hakurudi kwenye ushirika wetu. Nilimtafuta hosteli mara mbili nikaambiwa hayupo.

Someni Ayubu sura ya 13, pale anapowauliza rafiki zake kama watamtetea Mungu kwa maneno ya udanganyifu. Mstari huo nilikuwa nimeuhubiri. Zile karatasi bado ninazo ndani ya Biblia yangu, sura hiyo hiyo.

3. Darwin, mwenye nadharia ya mageuko, hakuna ushahidi kwamba alitubu kitandani; alifariki 1882, hadithi ya Lady Hope, mwinjilisti aliyedai kumsikia akitubu, ikachapishwa 1915, na binti yake Henrietta akaikana 1922.

4. RATE, utafiti wa upande wetu kuhusu umri wa miamba, isomeni yote, msichomoe sehemu ya gesi ya heliamu ndani ya fuwele za zirkoni peke yake. Mradi ule wa 1997 hadi 2005 uliandikwa na watu wetu, na wao wenyewe walikiri kwamba kwenye miamba atomi zimeoza, yaani zimegeuka kuwa za aina nyingine, kiasi ambacho kwa kasi ya leo kinahitaji zaidi ya miaka milioni 500. Wakapendekeza kwamba kasi iliwahi kuongezeka mno, kisha wakakiri tena kwamba joto lake lingeyeyusha miamba na hawana jibu. Mkiulizwa tatizo la joto, jibuni hivyo hivyo. Kuna mdogo wangu mmoja hapa alijibu "Mungu alilipoza" halafu akakaa chini ameridhika. Mpendwa, kama hilo ni ungamo la imani, liite imani. Usiliweke kwenye slaidi yenye grafu.

5. Semeni mnakosimama. Kurt Wise, mwanasayansi wa upande wetu, alipata udaktari wake Harvard mwaka 1989 chini ya Stephen Jay Gould, mtetezi mashuhuri wa mageuko, na husema waziwazi kwamba dunia changa anaishika kwa sababu ya Maandiko. Todd Wood, mwanabiolojia wa upande wetu, aliandika mwaka 2009 kwamba nadharia ya mageuko haiko taabani na ina ushahidi mwingi. Yeye anaikataa kwa imani. Mimi pia naanzia Mwanzo sura ya kwanza, si maabara, na wanajiolojia karibu wote hawakubaliani nami. Nikisema hivyo mwanzoni, watu hubaki na kuuliza maswali ya kweli.

Jumamosi hii tunaanza saa nane. Kila mmoja aje na slaidi moja tu, na chanzo chake mkononi kimesomwa mpaka mwisho. Mwenye majitu kwenye simu ayafute akiwa njiani. Na kama kuna anayemfahamu mwanajiolojia mmoja aliyesoma hapa miaka ile, aliyependa kalamu nyekundu, naomba namba yake.