Mkataba hauwashi vita, unaongeza tu watu wa kufa

Wiki hii mmeuliza mikataba ya kijeshi inazuia vita kati ya nchi jirani au ndo inaleta. Mimi naona wala haizuii wala haileti. Vita ya majirani inaanzia ndani kwa mmoja wao, mkataba unakuja baadae kuamua nani mwingine ataingizwa humo.

Chukueni vita ya Kagera, sisi na Uganda, 1978 hadi 1979. Tanzania haikuburuzwa na mkataba wowote pale. Idi Amin alimpindua Rais Obote wa Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere akamkataa, Obote akapewa hifadhi hapahapa Dar. 1972 watu wa Obote wakavuka mpaka kutokea kwetu wakamtoe Amin, wakachapwa, ikabidi watu wakae Mogadishu wakubaliane: kila mtu arudishe jeshi kilomita 10 nyuma na asiwasaidie wapinzani wa mwenzie. Sasa tuseme ukweli hata kama unauma, Obote alibaki Dar, na Amin hakuacha uchokozi. Ilipofika 1978 jeshi la Amin lenyewe likaanza kugeukana, wanajeshi wakaasi, na kiongozi akishabanwa nyumbani anatafuta adui nje, basi mwisho wa Oktoba wakavuka na tarehe 1 Novemba akatangaza eneo lote hadi mto Kagera ni la Uganda. Hapo nionyesheni mkataba uko wapi?

Marafiki walikuja baadae. Gaddafi akaleta Walibya kumsaidia Amin, sisi Msumbiji wakatuletea askari wao. Baba mdogo wangu kipindi hicho alikua dereva wa lori la tajiri mmoja wa Kariakoo, serikali ikachukua lori na yeye humohumo, akapiga gia mpaka Kyaka, kwenye mto Kagera, akakuta daraja lishalipuliwa na ng'ombe wa watu wameswagwa wote. Mpaka leo ukimtajia mapigano ya Lukaya kule Uganda, Machi 1979, haongelei ushindi, anaongelea wale vijana wa Kilibya waliolala barabarani, anasema wamekufa kwenye ugomvi ambao hata hawakuujua ulianzaje. Kampala ikaanguka 11 Aprili, Amin huyo Libya, baadae Saudia. Kwahiyo Gaddafi hakuanzisha ile vita na wala hakumwokoa rafiki yake.

Najua kuna wajuaji watanitajia Vita Kuu ya Kwanza ya 1914, Austria na Serbia, kwamba kila mtu alivutwa na mkataba wake. Sawa, wengi walivutwa, na moto ukafika hadi Tanga Novemba mwaka huohuo. Ila Italia nayo ilikua na mkataba na Ujerumani na Austria, ikakaa pembeni, na 1915 ikaingia vitani upande wa pili kabisa! Karatasi ileile, aliyetaka vita akaitumia na asiyetaka akaiweka kabatini.

Ya leo ndo yananichosha. Mkataba wa kulindana wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ulisainiwa hapahapa Dar, Agosti 2003, unasema akishambuliwa mmoja wote wanachukua hatua. Kongo ya Kinshasa ni mwanachama, askari wakapelekwa, wetu wakiwemo pamoja na wa Malawi na Afrika Kusini, na bado Januari 2025 waasi wa M23 wakachukua Goma, mji wa mashariki mwa Kongo. Februari wakuu wa SADC na EAC, yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakaja kukutana Dar, barabara zikafungwa tukakaa kwenye daladala tunatoka jasho, na ukumbuke Kongo na Rwanda wote wawili wako EAC. Machi SADC ikaamua askari warudi.

Na ukisikiliza wanachogombania ni kilekile cha Mogadishu: Kongo inasema Rwanda inalea M23, Rwanda inasema Kongo inalea FDLR, waasi wa Kinyarwanda. Mimi ningekua mhariri ningeuliza hivi, ni serikali gani iko tayari kumtoa mpinzani wa jirani anayelala kwake na bunduki? Maana hata sisi enzi za Mwalimu hatukuwa tayari, na kwa Amin yule, sijui kama ningetaka tuwe.