Umeme wa baharini: maswali yenu na majibu

Mtambo wa upepo ni uleule. Kwa nini ukiwekwa baharini gharama inapaa?

Tatizo moja kubwa ni kuufikia. Nchi kavu fundi huja na gari. Baharini anahitaji chombo, na mawimbi yakichafuka anabaki bandarini huku mtambo umesimama na chombo kinadai kodi yake. Kisha kuna riba. Upepo haununuliwi, hivyo sehemu kubwa ya fedha hutoka mwanzoni, nyingi ikiwa mkopo. Mwaka 2023 riba na bei ya vyuma zilikuwa juu, serikali ya Uingereza ikaweka kikomo cha bei ya umeme kilicho chini mno, na mnada wake wa mikataba ya kuuza umeme ukakosa hata mwombaji mmoja wa upepo wa baharini.

Ni kweli kelele za ujenzi zinawadhuru pomboo?

Kweli kabisa. Nguzo ya chuma inayobeba mtambo, yenye upana wa mita 8, hugongwa kwa nyundo maelfu ya mara, na pomboo hutafuta chakula kwa masikio. Ujerumani imeweka kikomo: desibeli 160, ikipimwa mita 750 kutoka kwenye nguzo. Ili kukitimiza, mafundi hulaza bomba lenye matundu sakafuni mwa bahari, kuizunguka nguzo, kisha hulijaza hewa kwa kompresa. Mapovu hupanda kama pazia, na sauti ikipita humo hupungua nguvu.

Mimi hupendelea njia isiyo na nyundo. Ndoo kubwa ya chuma, ndiyo msingi wa mtambo, hushushwa kifudifudi, maji yaliyomo hunyonywa kwa pampu, nayo huzama mchangani yenyewe. Siku ya kuing'oa, maji husukumwa ndani tena, ikatoka nzima. Kelele za nyundo hakuna, na gharama ya kuondoa hupungua. Kwenye mwamba, lakini, sahau.

Na ndege?

Wapo wanaopigwa na mapanga ya mitambo. Tangu 2023 Uholanzi hupunguza mwendo wa mitambo usiku ule ndege wanapohama kwa wingi. Utabiri hutolewa siku mbili kabla, ili waendesha gridi wajipange. Hasara ni ya saa chache tu.

Sisi ni kampuni changa yenye mtambo wa mawimbi. Tuanze na mkubwa?

Hapana. Vindeby ya Denmark, shamba la kwanza la upepo baharini, ilianza 1991 na mitambo 11 ya kilowati 450. Leo mtambo mmoja tu unaishinda yote kwa pamoja. Kampuni ya Pelamis ya Scotland ilipeleka umeme wa mawimbi kwenye gridi mwaka 2004, lakini ikaishiwa fedha 2014.

Mawimbi yanayowapa umeme ndiyo yanayovunja bawaba na kukata minyororo ya nanga. Jengeni mdogo unaoweza kukokotwa hadi bandarini kutengenezwa, uacheni upite misimu ya dhoruba, mwandike kila saa uliyosimama na sababu yake. Mkienda kwa mwekezaji, mpelekeeni daftari hilo, na hesabu ya nani atalipia kuung'oa.