Shairi la Kale Katika Mchezo wa Sauti wa Kisayansi: Ushauri kwa Mwandishi Anayeanza

Anayeanza kuandika michezo ya sauti ya bunilizi ya kisayansi huvutwa upesi na mashairi mashuhuri, akayatia kinywani mwa nahodha wa chombo cha anga ili mhusika aonekane msomi. Ushauri wangu ni kwamba shairi lisiingie mpaka lipate kazi katika tukio lenyewe, kwa kuwa msikilizaji hana ukurasa wa kurudia wala alama za kunukuu za kumjulisha kwamba maneno hayo ni ya mtunzi mwingine.

Mfano bora ninaoujua ni hadithi ya Ray Bradbury kuhusu nyumba inayojiendesha, iliyotangazwa redioni nchini Marekani katika mfululizo wa Dimension X mwaka 1950. Wenye nyumba wameangamia kwa bomu la atomiki, lakini mashine haina habari. Jioni inamuuliza mama wa nyumba angependa kusomewa shairi gani, na isipojibiwa inamchagulia la Sara Teasdale, la mwaka 1918, lisemalo kwamba mvua, mbayuwayu na vyura wataendelea na mambo yao hata binadamu akitoweka. Swali la mashine hututayarisha kusikia shairi, na vina vya mishororo miwili miwili hulitenga na mazungumzo bila msimulizi kueleza lolote. Asiyemjua Teasdale hapungukiwi na kitu. Amjuaye hutangulia kuogopa.

Mishororo miwili hadi minne hutosha, isipokuwa shairi likiwa ndilo tukio lenyewe, kama hapo. Mngurumo wa injini ushushwe kabla ya mshororo wa kwanza, si katikati yake, na mwigizaji alinde mizani bila kughani kupita kiasi.

Jihadhari na tafsiri zisizo na vina, maana sikioni husikika kama maongezi ya kawaida na rejeleo hupotea. Kwa mchezo wa Kiswahili, mimi ningeanza na Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili: beti zake kuhusu majumba ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, yaliyobaki mahame, makinda ya popo yakining'inia juu, zingefaa mno kusomwa na kompyuta ya kituo cha anga kilichohamwa. Lugha yake ya kale haitaeleweka yote kwa kusikia mara moja, kwa hiyo chagua ubeti mmoja tu, kisha umpe mwanaanga aliyeingia humo sababu ya kuiuliza kompyuta maana yake.