Wakipunguza njia za magari wapande miti, si foleni itazidi?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi naenda kazini kwa miguu, kuna siku natoa baiskeli, yote pembeni ya barabara kubwa, jua kali na magari yananipita karibu kabisa. Sasa nasikia miji mingine wanapunguza njia za magari, wanapanda miti na kuweka njia za baiskeli. Hivi hiyo si ndo kuongeza foleni? Na hizo bustani watu wanazitumia kweli au ni za kupigia picha tu?

JIBU: Salama ndugu yangu, ahsante kwa swali zuri. Hofu ya foleni iko kila mji. Kule Seoul, Korea Kusini, kulikuwa na barabara ya juu ya Cheonggyecheon inapitisha magari zaidi ya 100,000 kwa siku, wakaanza kuibomoa 2003, na 2005 mto uliokuwa umefunikwa chini yake ukafunguliwa tena, karibu kilomita 6 za maji, majani na njia za kutembea. Wengi walisema mji utakwama, haukukwama. Watu sio maji ya bomba kwamba ukiziba huku lazima yapasukie kule, mtu anabadilisha saa ya kutoka, mwingine anapita kwingine, mwingine anaacha gari anapanda basi, ila zingatia kwamba 2004 Seoul walipanga upya mabasi yao pia, na mimi hiyo sehemu naona ndo watu wanaisahau. Ukimnyang'anya mtu njia ya gari bila kumpa usafiri mwingine, hapo foleni utaipata kweli.

Utrecht, mji wa Uholanzi, nao miaka ya 70 walifukia sehemu ya mfereji unaozunguka mji wa kale wakajenga barabara ya magari, 2020 maji yakarudi na mfereji ukazunguka tena wote.

Sasa hilo la picha. Iko hivi, bustani ikianzia pasipo na watu na kuishia pasipo na kazi wala shule, hiyo ni ya jumapili. Njia ya kila siku lazima ifike wanakokwenda watu, na isikatike kwenye makutano, maana unaweza ukawa na kilomita tatu tamu kabisa alafu makutano moja la hatari linamrudisha mama na mtoto wake kwenye gari. Miti nayo sio urembo jamani! Kivuli ndo kinamfanya mtu akubali kutembea saa saba mchana, na mti ukikaa kati ya magari na waenda kwa miguu unakuwa pia ukingo, sio kuupanda upande wa pili wa mtaro ambako kivuli hakimfikii mtu. Medellín, mji wa Kolombia, walianza 2016 kupanda miti kando ya barabara na vijito, wakafundisha wananchi kazi ya utunzaji bustani, na mji umesema joto kwenye njia hizo limeshuka kama digrii 2.

Baiskeli zitengwe na watembea kwa miguu, taa ziwepo, na vichaka vikatwe vifupi ili mtu anayepita usiku aone mbele na yeye aonekane.

Wakiita wananchi kutoa maoni nenda, alafu usiulize bustani itapendeza vipi, uliza makutano tutavuka vipi, na nani atamwagilia hiyo miti miaka ya mwanzo, na bajeti yake iko wapi.