Jibu: Kumfundisha kijana kuhariri lugha Wikipedia ya Kiswahili, nianze naye wapi?

Kamwene ndugu yangu wa Mafinga, na salamu kwenu nyote. Umesema kijana wako amemaliza kidato cha sita, amejitolea kusahihisha lugha kwenye Wikipedia ya Kiswahili, na makala ya kwanza aliyoishika ikatenguliwa yote kesho yake, yaani mhariri mwingine akairudisha ilivyokuwa. Sasa hataki hata kuifungua. Unauliza uanze naye wapi, na umsahihishe vipi bila kumvunja moyo. Swali lako limenigusa kwa sababu nimelipitia na mtoto wa kaka yangu, hapa hapa Mbeya, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nivumilie, nitaandika kirefu.

Kazi yangu ni kusoma prufu kwa mtu wa uchapaji. Kalenda, risala, vijitabu vya vikundi, kila kitu kinachopita kwenye mashine nakisoma kwanza mimi. Kwa hiyo binti alipokuja nilidhani kumfundisha ni kumwonyesha makosa tu. Jioni tulikaa mbele ya kompyuta moja, kibodi nikaishika mimi, yeye akitazama. Kila nilichobadilisha aliitikia, "Sawa shangazi." Wiki tatu nzima ni sawa shangazi. Siku nilipomwacha afanye peke yake, alifuta kila "ambaye" na kila "ambayo" aliyoikuta, hata ile ambayo ukiiondoa sentensi inabaki haina kichwa wala miguu. Alikuwa ameona mkono wangu ukizifuta, akajua ndiyo kazi yenyewe. Sababu hakuijua, na malezi yake hayakumruhusu kumuuliza mtu mzima "kwa nini".

Hapo ndipo nilipogundua kosa lilikuwa la kwangu. Kwetu huku mtoto aliyelelewa vizuri hambishii mkubwa, na ni jambo jema mezani na msibani. Kwenye uhariri linaua. Basi nikageuza. Nilichapisha kurasa mbili nilizoziandika mwenyewe, nikampa penseli, nikamwambia leo shangazi ndiye mwanafunzi, nitafutie makosa. Siku ya kwanza alileta mawili, tena kwa kunong'ona. Baada ya siku kumi alinijia akaniambia, "Shangazi, hapa umeandika 'mawe hizi'." Nilifurahi kuliko siku ya mshahara. Kuanzia hapo akaanza kuuliza, na mtu anayeuliza anafundishika. Kwa hiyo kabla ya Wikipedia, mpe kijana wako maandishi yako akukosoe. Kama hujawahi kukosolewa na mwanao itakuuma kidogo, lakini anza nalo.

La pili, kibodi iwe mikononi mwake. Hata akikosea mbele ya macho yako, hata kama wewe ungemaliza kwa dakika moja. Na weka sharti moja tu: kila badiliko lielezwe kwa sentensi moja kwenye kile kisanduku cha muhtasari kabla hajahifadhi. Maneno kama "nimerekebisha lugha" usiyakubali. Aandike, kwa mfano, "mto uko ngeli ya U-I, kitenzi kilikuwa 'inapita', nimeweka 'unapita'." Asipoweza kuandika sababu, aliache neno kama alivyolikuta. Sharti hili lilimpunguzia binti yangu nusu ya mabadiliko aliyokuwa akiyafanya, na karibu yote yaliyobaki yalikuwa sahihi. Pia linawasaidia wahariri wengine. Anayepitia historia ya makala anaona umefanya nini na kwa nini, hana sababu ya kukutilia shaka.

Mfano wa kazi ya mwanzo, nimeutunga mwenyewe kwa sura ya zile tunazokutana nazo: "Mto huo ambao unapatikana katika wilaya ya Rungwe ambayo ipo Mbeya inapita katika mwamba ambao umekuwa kama daraja ambalo watu wanaiita Daraja la Mungu." Usimwambie "itengeneze". Muulize mto unafanya nini. Unapita chini ya mwamba. Mwamba ukoje? Una umbo la daraja. Nani analiita hivyo? Wenyeji. Akishajibu kwa mdomo, sentensi imeshajiandika: "Katika Wilaya ya Rungwe, Mto Kiwira hupita chini ya mwamba wenye umbo la daraja, wenyeji huliita Daraja la Mungu." Hapo ndipo unapomweleza kwa nini "ambao" tatu za mwanzo hazikuwa na kazi, na kwa nini "hupita" inafaa kwa jambo la siku zote. Kanuni ikija baada ya sikio kukubali, haisahauliki.

Mwanzishie kwenye makala za kata. Ni fupi, nyingi bado ni mbegu, yaani makala changa zinazosubiri kupanuliwa, na zimeandikwa kwa kiolezo kimoja, kwa hiyo jicho linazoea haraka. Humo kuna neno moja dogo ninalolipenda kama somo: "wapatao". Utakuta imeandikwa kata ina "wakazi wapatao" halafu inafuata hesabu kamili hadi mtu wa mwisho. "Wapatao" ni neno la kukadiria. Kama sensa imehesabu mtu mmoja mmoja, hukadirii tena. Ama uondoe "wapatao", ama uizungushe namba. Binti alipoliona hilo bila kuambiwa, nilijua ameanza kusoma maana na si herufi tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lingetufikisha pabaya, na ambalo naomba ulisome mara mbili.

Alikutana na sentensi mbili kuhusu Mkoa wa Mbeya. Moja ilisema sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,707,410. Ya pili ilisema sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 2,343,754. Ziliwekwa kavu, moja baada ya nyingine, zinagongana masikioni. Akafanya kile ambacho kila mhariri anayependa lugha angetamani kukifanya, akaziunganisha: "Idadi ya watu ilipungua kutoka 2,707,410 mwaka 2012 hadi 2,343,754 mwaka 2022." Kiswahili safi kabisa. Ngeli sawa, mkato mahali pake, inasomeka vizuri kuliko zile za mwanzo. Na ni uongo.

Hakuna aliyepungua. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya. Mbozi, Momba, Ileje, Tunduma, Vwawa, wote hao mwaka 2012 walihesabiwa kama watu wa Mbeya, na mwaka 2022 Songwe peke yake ilikuwa na watu 1,344,687. Ukijumlisha mikoa miwili utaona eneo lile lile liliongezeka kwa karibu watu milioni moja. Neno "ilipungua" halikuwemo kwenye chanzo chochote. Alilileta yeye ili sentensi iteleze vizuri.

Alilia, nami sikumkemea. Nilimwambia kwamba hata mimi kwenye prufu hatari yangu kubwa haijawahi kuwa makosa ya tahajia, maana hayo msomaji huyaona na kuyasamehe. Hatari ni sentensi niliyoilainisha mpaka ikasema kitu ambacho mwandishi hakukisema. Maneno ya kuunganisha ndiyo yenye sumu: "kwa hiyo", "hata hivyo", "kutokana na", "ilipungua", "hatimaye". Kila mojawapo ni dai. Mfundishe kijana wako kwamba kila anapoongeza neno la namna hiyo ajiulize limetoka kwenye chanzo gani. Kama halikutoka popote, bora sentensi mbili kavu zinazosema kweli.

Upande wenu lipo hilo hilo. Mkoa wa Njombe ulitengwa na Iringa mwaka 2012, na makala za zamani bado zinaweka Makambako au Ludewa ndani ya Iringa. Mwanafunzi mwenye bidii atataka kubadilisha yote kwa mpigo mmoja. Penye "kata hii iko Mkoa wa Iringa", abadilishe. Penye habari ya sensa ya mwaka 2002, aache, maana wakati huo Njombe ilikuwa wilaya ya Iringa kweli. Anaweza kuongeza maneno mawili matatu ya kufafanua, lakini asiifute historia ili ifanane na ramani ya leo.

Jambo jingine ambalo sisi Waswahili tunalo zaidi ya wengine ni adabu ya lugha. Binti alikuta imeandikwa kwamba tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi ili asikamatwe na Wajerumani. Akabadilisha ikawa "aliaga dunia". Nilipomuuliza akasema si vizuri kumtaja mkubwa hivyo. Nilimwelewa, na msibani ningesema kama yeye. Lakini msomaji wa kamusi elezo anahitaji kujua alikufaje, la sivyo hataelewa kwa nini kichwa chake kilichukuliwa na kwa nini kurudishwa kwa fuvu Kalenga mwaka 1954 lilikuwa jambo kubwa kwa Wahehe. Tafsida hapo inamficha Mkwawa badala ya kumheshimu. Ndivyo ilivyo kwa "Mheshimiwa", "Hayati" na "Mtukufu" mbele ya kila jina. Cheo kitajwe mara moja mahali pa cheo, kisha jina lisimame lenyewe.

Tafsiri za mashine sitazikalia sana. Atazitambua mara moja, kama vile mto kuwa na "benki ya kusini" badala ya ukingo. Ila mwambie asiishie kusahihisha neno. Afungue makala ya asili na kulinganisha, kwa sababu palipo na "benki" moja kuna makosa mengine yasiyoonekana. Na alinde maneno ya kwetu. Niliwahi kuona ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, ukiitwa "mvinyo wa mianzi", tena "unavunwa". Ulanzi ni ulanzi, nao hugemwa. Kama msomaji wa Pwani halijui neno, mweleze kwa maneno manne baada ya kulitaja, lakini ulitaje. Mtu wa Iringa au Njombe akisoma Wikipedia ya lugha yake asikute kinywaji cha babu yake kimepewa jina la kigeni.

Kuhusu kamusi, awe nayo mkononi au kwenye simu. Tunatumia Kamusi ya Kiswahili Sanifu na Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015. Zisipokubaliana, au zinapokubali sura mbili, kama "jumuia" na "jumuiya", asipite makala hadi makala akigeuza moja kuwa nyingine. Ndani ya makala moja afuate sura moja, basi. Hakuna kinachowaudhi wahariri wa zamani kama mgeni anayefuta chaguo lao halali. Na kwa sisi wa Nyanda za Juu, l na r zipitiwe peke yake, mara ya mwisho, kwa sauti. Mimi mpaka leo nafanya hivyo. Nasoma prufu yote tena nikitafuta herufi hizo mbili tu, kwa sababu nimekua nikizisikia zikibadilishana na jicho langu linazisamehe.

Sasa hiyo makala yake iliyotenguliwa. Kwanza mwambie kazi yake haijapotea, kila toleo limehifadhiwa kwenye historia ya makala. Mkae pamoja, mfungue historia, mweke toleo lake kando ya lile la zamani, mhesabu. Nabashiri mtakuta amebadilisha makala nzima kwa kuhifadhi mara moja, bila muhtasari. Aliyetengua huenda aliona aya moja mbaya akashindwa kuichambua kutoka kwenye nzuri kumi, akarudisha zote. Asiirudishe kwa nguvu, maana kurudishiana huishia kwa mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, kuingilia kati. Aende ukurasa wa majadiliano wa makala, asalimie, aseme yeye ni mgeni, aulize ni badiliko lipi lilikuwa na tatizo. Kisha aanze upya sehemu moja moja, kila moja na sababu yake.

Ujumbe huo wa majadiliano auandike yeye. Utatamani kumwandikia, mimi nilitamani. Mwache auandike, ausome kwa sauti mbele yako, autume. Jibu likija, asome mwenyewe mpaka mwisho kabla hujamwambia wewe umelielewaje.