Pikipiki ya Mipigo Miwili: Oili Inapovuja na Injini Ikaanza Kumisi

Pikipiki yenye injini ya mipigo miwili inapoanza kulowa oili na wakati huohuo ikaanza kumisi, wengi hukaza bolti kwa ajili ya tatizo la kwanza na kufungua kabureta kwa ajili ya la pili, kana kwamba ni magonjwa mawili yasiyohusiana. Kwa muda wote niliokuwa nikizifungua na kuzifunga injini hizi, nimefikia msimamo ambao sioni sababu ya kuubadilisha: mpaka uthibitishe vinginevyo, ichukulie hali hiyo kuwa tatizo moja, na usiguse skrubu yoyote ya kabureta kabla ya kujua oili inatokea wapi na hewa inaingilia wapi.

Sababu iko katika namna injini hii inavyopumua. Chemba ya krenki, yaani nafasi iliyo chini ya pistoni, ndiyo pampu yake. Pistoni inapopanda, chemba hiyo hufyonza mchanganyiko wa hewa, petroli na oili kupitia kabureta. Pistoni inaposhuka, mchanganyiko hugandamizwa na kusukumwa juu ya pistoni kupitia njia zilizochongwa kwenye silinda. Kwa hiyo tundu lolote linalotema oili pistoni ikishuka, hilohilo huvuta hewa pistoni ikipanda, na hewa hiyo haikupimwa na kabureta. Petroli inakuwa chache kuliko hewa, joto linapanda, na injini inayoendeshwa katika hali hiyo huishia pistoni kujamu ndani ya silinda.

Anza kwa kuiosha injini mpaka mikunjo yote iwe safi, ikaushe, kisha ipake poda nyepesi ya kawaida na uiendeshe kwa muda mfupi. Poda hulowa mahali oili inapotokea kabla upepo haujaisambaza, na kinachotafutwa ni sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa, kwa sababu oili hushuka na kurudi nyuma. Tone la chini halikuambii chochote kuhusu chanzo chake. Chunguza pia ni oili ya aina gani. Utelezi mweusi mzito kwenye maungio ya eksozi ni oili isiyoungua, na mara nyingi hutokana na safari fupi za injini baridi, mchanganyiko wenye petroli nyingi mno au gasketi ya eksozi iliyochakaa. Unyevu mwepesi unaonuka petroli chini ya kabureta huelekeza kwenye sindano ya boya, inayofunga petroli kabureta ikijaa, au mpira wa kuungia kabureta. Oili nzito kwenye kifuniko cha klachi au nyuma ya sproketi ya mbele ni ya giaboksi, ingawa grisi ya mnyororo nayo hudanganya wengi hapo.

Sasa tuje kwenye sili za krenki, yaani pete za mpira zinazoziba pale shafti ya krenki inapotokea kwenye chemba, ambazo kwa maoni yangu hulaumiwa mara chache kuliko zinavyostahili. Ziko mbili, moja upande wa magneto, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa plagi, na nyingine upande wa klachi, unaolowa oili ya giaboksi, na kila moja ikichoka huleta dalili zake.

Ya upande wa magneto huvuta hewa kavu. Injini ikipata moto, mwendo wake wa chini hupanda wenyewe, na ukipiga resi kisha ukaachia, mlio hukawia kushuka. Plagi hutoka nyeupe. Ukifungua kifuniko cha magneto, huenda ukakuta oili imerushwa pande zote kuanzia katikati. Pikipiki yenye dalili hizi isiendeshwe tena mpaka itengenezwe, hata kama bado ina nguvu, kwa kuwa hiyo ndiyo hali inayoua pistoni.

Ya upande wa klachi ni ya hila zaidi, kwa sababu inaweza isiangushe hata tone moja sakafuni. Niliwahi kuletewa pikipiki iliyotoa moshi mweupe mzito hata baada ya kupata moto, ilhali pampu yake ya oili ilikuwa imepangwa vizuri na nje palikuwa pakavu kabisa. Ilikuwa imekwisha kubadilishiwa ringi za pistoni na jeti, yaani vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, bila mafanikio. Nilipoitoa plagi, ncha yake ilikuwa imelowa oili yenye harufu ya giaboksi, na oili ya giaboksi yenyewe ilikuwa imepungua sana. Sili ilipotoka, mdomo wake wa mpira ulikuwa umekauka na kung'aa, ukipasuka nilipoukunja kwa kidole, na kwenye shafti palikuwa na mfuo mwembamba ambao ukucha uliweza kuuhisi. Katika hali kama hiyo, sili mpya ikiwekwa pale pale pa zamani huvuja mapema. Nafasi ikiruhusu, iingize zaidi au pungufu kidogo ili mdomo wake ukae kwenye chuma kisicholika. Mdomo upakwe oili kabla ya kuingia, na sili isukumwe kwa bomba la kipenyo chake, isigongwe kwa nyundo upande mmoja.

Moshi huo usichanganywe na ule unaofumka asubuhi pikipiki ikiwashwa kisha ukaisha. Huo mara nyingi hutokana na vali ndogo ya pampu ya oili inayoachia oili ishuke kwenye chemba pikipiki ikiwa imeegeshwa. Kinyume chake pia hutokea: giaboksi ikiongezeka ujazo na kunuka petroli, sili ya upande wa klachi inapitisha mchanganyiko kwenda upande wa pili.

Uthibitisho wa kweli ni kipimo cha upepo. Ziba njia ya kabureta na ya eksozi, weka pistoni chini kabisa, kisha ingiza upepo kupitia tundu la plagi hadi paundi 6 kwa inchi ya mraba, usizidishe sana kwani sili zinaweza kung'oka. Upepo ukipungua zaidi ya paundi moja kwa dakika, pakaa maji ya sabuni kwenye maungio, gasketi ya kitako cha silinda na mpira wa kabureta, kisha utazame mapovu. Bomba la kupumulia la giaboksi lichovye kwenye maji. Likitoa mapovu, sili ya klachi imekwisha. Rudia kwa kufyonza upepo, maana kuna sili inayohimili msukumo ikashindwa mvuto.

Chemba ikiwa imefunga vizuri ndipo utazame mengine: chujio la hewa, vilimi vya ridi (vali nyembamba za kuingizia mchanganyiko kwenye chemba) vilivyopasuka, na eksozi iliyoziba masizi, ambayo huifanya injini iende vizuri chini lakini ikose pumzi juu. Uwiano wa oili nao uheshimiwe kama mtengenezaji alivyoagiza; 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na 25 kwa 1 ni mililita 40. Kuongeza oili ili kuilinda injini inayovuta hewa hakusaidii, kwani oili huchukua nafasi ya petroli inayopita kwenye jeti.

Baada ya matengenezo, weka plagi mpya, endesha injini ikiwa na mzigo, kisha izime ghafla huku umeshika klachi na uitazame plagi, ambayo inapaswa kuwa na rangi ya kahawia. Injini ikipoa kabisa, kaza tena nati za kichwa cha silinda kwa kukingamisha, kwani gasketi mpya hulala kidogo baada ya joto la kwanza, na upime oili ya giaboksi kwa mara nyingine.