Kitenzi "borrow" kwa wanafunzi wanaozungumza Kichina: ushauri wangu kwa walimu Waswahili

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa kijana wa Tanga ambaye ameanza kuwafundisha Kiingereza mafundi wawili kutoka Sichuan. Baada ya salamu alieleza kwamba mmoja wao humwambia kila mara "Please borrow me your pen", kwamba amemsahihisha hadi amechoka, na kwamba sasa anaamini mtu huyo hana kipaji cha lugha. Nimekwisha kumjibu, lakini jibu lenyewe linawafaa wote mnaotamani kuifanya kazi hii, nami najua kwamba mko wengi.

Fundi huyo hana upungufu wowote wa akili. Kichina kina kitenzi kimoja, jiè, kinachobeba tendo la anayetoa na la anayepokea. Sentensi "Wǒ jiè tā yì běn shū" yaweza kumaanisha kwamba nimempa mtu kitabu akitumie kisha akirudishe, na yaweza pia kumaanisha kwamba mimi ndiye niliyekichukua kwake. Mchina anapotaka kuondoa utata husema "jiè gěi tā" kwa maana ya kumpa, au "gēn tā jiè" kwa maana ya kuchukua kwake, yaani maneno madogo yanayozunguka kitenzi ndiyo yanayoonyesha kitu kinaelekea wapi. Kiingereza kimeyatenga matendo hayo katika vitenzi viwili visivyofanana hata kwa herufi, "borrow" kwa anayechukua na "lend" kwa anayetoa, na mwanafunzi anadaiwa achague kimojawapo kabla hajamaliza kuwaza.

Sisi Waswahili tunalielewa jambo hili kutoka ndani, kwa sababu tunasema "niazime kalamu" na tunasema "nimeazima kalamu kwa Asha" kwa kitenzi kile kile, na ni "kwa" inayotuonyesha upande. Upande wa fedha tuna kopa na kopesha, ambamo kiambishi ndicho kinachogeuza mwelekeo. Mwalimu aliyelelewa katika Kiingereza peke yake hushangaa akisikia "borrow me", lakini mwalimu Mswahili ana kila sababu ya kutoshangaa.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Nilipohitimu masomo yangu Wuhan niliomba kazi katika kituo kimoja cha lugha, nikafundisha somo la majaribio, wanafunzi wakaniuliza maswali hata baada ya muda kwisha, kisha nikaambiwa kwamba wazazi wanataka mwalimu mwenye pasipoti ya nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa. Hakuna aliyedai kwamba somo lilikuwa baya. Maneno hayo yaliniuma, na bado yananiuma kila ninapopokea mwanafunzi mtu mzima ambaye amepita mikononi mwa walimu wenye pasipoti hizo akiwa bado anasema "He borrowed me money". Mmoja wa wanafunzi wangu, mhasibu wa Chengdu ninayemfundisha kwa njia ya video, aliniambia kwamba tangu sekondari alikuwa akisahihishwa bila kuelezwa sababu. Nilimwonyesha jiè, nikamwonyesha azima, nikamtaka ajiulize kabla ya kusema: kitu kinakuja kwangu au kinatoka kwangu? Kikija ni "borrow from", kikitoka ni "lend to". Siku hiyo alianza kujisahihisha mwenyewe, na sijaona malipo yaliyonifurahisha kuliko hilo.

Jiandaeni kwa swali la mwanafunzi makini, kwa maana litakuja. Kichina hutumia kitenzi zū, yaani kupanga au kupangisha, kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba, na Kiingereza nacho hutumia "rent" kwa wote wawili. Kwa nini basi "borrow" isiruhusiwe? Mwambieni ukweli kwamba lugha haikujengwa kwa kanuni moja, na msibuni sababu.

Jambo linalowasumbua zaidi wale waliosoma sana ni muda. Katika shule za China wanafunzi hufundishwa kwamba "borrow" ni tendo la mara moja, linalokwisha pale kitu kinapobadilisha mikono, na kwa hiyo mtu aliyekaa na kitabu majuma mawili haandiki "I have borrowed this book for two weeks" bali "I have kept this book for two weeks". Kanuni hiyo ina msingi, na anayejiandaa kwa mtihani aishike. Hata hivyo wengine wameishika kupita kiasi hadi wanaogopa kuuliza "How long can I borrow it for?", swali ambalo Waingereza wenyewe huliuliza bila wasiwasi. Mwanafunzi afundishwe yote mawili, la mtihani na la mazungumzo.

Kisha kuna mahali ambapo jiè huenda na "borrow" haifiki. Mchina huomba kuazima choo, huomba kuazima moto wa sigara, na anapotaka kupita katikati ya watu husema "jiè guò", kama anayeazima njia. Kwa Kiingereza hayo ni "May I use your bathroom?", "Have you got a light?" na "Excuse me". Lakini katika hesabu ya kutoa, unapochukua kumi kwenye tarakimu ya jirani, lugha zote mbili husema kuazima, na maneno yaliyotoka lugha nyingine huitwa ya kuazimwa katika zote mbili. Anzeni huko ambako lugha zinakubaliana, ndipo mwende kwenye tofauti, na kila mara rudini kwenye swali lile la kuja na kutoka.

Msiingie darasani bila kujua Kichina hata kidogo. Mwalimu anayedai mwanafunzi avuke bahari ilhali yeye hajawahi kulowesha mguu hastahili kulalamika kwamba mwanafunzi ni mzito.

"Can I borrow you for a minute?" ifundishwe mwisho, mambo mengine yakishatulia. Mwanafunzi akiambiwa hivyo kazini, ajue kwamba anaombwa muda wake mfupi, na jibu linalofaa ni "Of course".